Kimpa Vita, Binti Aliyekufa Kila Ijumaa: Utabiri na Mapenzi katika Ufalme wa Kongo, 1704-1706

Katika historia ya ufalme wa Kongo yanatajwa majina mengi ya wafalme, na kila jina lina namba yake: Afonso wa Kwanza, António wa Kwanza, Pedro wa Nne. Jina la Kimpa Vita halina namba. Aliyelibeba hakukalia kiti wala hakuongoza jeshi, na alipochomwa moto tarehe 2 Julai 1706 alikuwa na umri wa miaka ipatayo 22. Hata hivyo, katika muda usiotimia miaka miwili binti huyo aliurudishia uhai mji mkuu ambao wadai kiti cha ufalme walikuwa wameshindwa kuurudia kwa zaidi ya miaka 25. Aliweza kufanya hivyo kwa kuwa watu waliamini kwamba anayaona yatakayokuja.

Makala haya yanachunguza mambo mawili ambayo katika masimulizi ya habari zake hupitwa haraka. La kwanza ni kile hasa alichokitabiri. La pili ni mapenzi yake na kijana aliyeitwa João Barro, mapenzi ambayo ndiyo yaliyomfikisha kwenye kuni. Wanahistoria hulitaja jambo la kwanza kama imani ya watu wa zamani, na la pili kama udhaifu wa kibinadamu, kisha huendelea na siasa. Lakini mtabiri na mpenzi walikuwa mtu mmoja, na waliomhukumu walilijua hilo kuliko waliomwandika baadaye.

Yafaa kwanza kukumbuka hali ya nchi. Tarehe 29 Oktoba 1665, katika vita vya Mbwila, Wareno wa Luanda walilishinda jeshi la Kongo na kumwua mfalme António wa Kwanza, ambaye jina lake la Kikongo lilikuwa Nvita a Nkanga. Baada ya kifo hicho koo mbili za kifalme, Kimpanzu na Kinlaza, ziligombania kiti. Mwaka wa 1678 mji mkuu wa Mbanza Kongo, ulioitwa na Wakristo São Salvador, uliporwa na kuchomwa; wakazi wakatawanyika, na majani yakaota ndani ya makanisa. Kufikia mwaka wa 1700 walikuwepo wafalme kadhaa kwa wakati mmoja. Pedro wa Nne alikaa juu ya mlima Kibangu. João wa Pili alikaa Bula, kaskazini, karibu na mto Kongo. Na kila mmoja alijiita mfalme halali. Vita vyao havikuwa vya heshima tu. Kila kijiji kilichoshindwa kilitoa mateka, na mateka waliuzwa pwani kwa meli za Wareno, Waholanzi, Waingereza na Wafaransa. Mkulima wa bonde la mto Mbidizi hakuhitaji kuelezwa siasa ya koo. Alijua tu kwamba mwaka huu amelala nyumbani kwake na mwaka ujao huenda watoto wake wakawa ng'ambo ya bahari.

Katika bonde hilo, chini ya mlima Kibangu, Kimpa Vita alizaliwa mnamo mwaka wa 1684. Wazazi wake walikuwa watu wa ukoo bora, ingawa si wenye mali, na ndiyo sababu nyaraka zinamwita Dona Beatriz, kwa jina lake la ubatizo. Msomaji wa Kiswahili anaweza kulisoma jina lake la kuzaliwa bila mkalimani, angalau nusu yake: neno vita la Kikongo na vita la Kiswahili ni neno moja. Ni neno lile lile lililomo katika jina la mfalme aliyeuawa Mbwila. Binti huyu alipewa jina la vita, akazaliwa katika vita, na alichokitaka kuliko yote ni kuvimaliza.

Tangu utotoni alisemekana kuona. Alisimulia kwamba watoto wawili weupe walimjia katika njozi, wakicheza naye na kumpa rozari ya shanga za kioo. Wakubwa waliosikia habari hizo hawakushangaa sana wala hawakumcheka. Walimpeleka kwa wajuzi ili kipaji hicho kilelewe. Hivyo akafunzwa kazi ya nganga marinda, yaani mganga anayeshughulikia matatizo ya jamii nzima kuliko maradhi ya mtu mmoja, na anayezungumza na upande wa pili wa maisha.

Hapa isimu inatoa msaada ambao historia peke yake haiwezi kuutoa. Neno nganga la Kikongo na mganga la Kiswahili ni ndugu wa tumbo moja, na kitenzi kuganga bado ki hai katika methali ya waswahili: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Methali hiyo inaweka pamoja mambo mawili ambayo lugha za Ulaya huyatenganisha, tiba na wakati ujao. Yajayo yanagangwa, hayaonwi tu. Wamisionari wenyewe waliingia katika msamiati huo bila kuuepuka: katekisimu ya Kikongo iliyochapishwa Lisbon mwaka wa 1624 inamwita padri nganga, na utakatifu inauita ukisi, kwa neno la shina moja na nkisi, ile dawa au hirizi ambayo mapadri hao hao waliitupa motoni. Kwa masikio ya Mkongo wa mwaka wa 1704, padri wa Kikapuchini na Kimpa Vita walikuwa watu wa kazi moja. Waligombana kama waganga wawili wanavyogombana juu ya mgonjwa mmoja.

Kabla ya kutimiza miaka 20 Kimpa Vita alikuwa ameolewa mara mbili, na ndoa zote mbili hazikudumu. Alikuwa pia ameiacha kazi ya uganga, kwa kuona kwamba iko karibu mno na uovu. Ndipo, mwezi wa Agosti 1704, akaugua. Alilala siku nyingi akiwa karibu na kukata roho, na katika ugonjwa huo mtu aliyevaa kanzu ya Wakapuchini akamtokea na kujitambulisha kuwa ni Mtakatifu Antoni, aliyetumwa kuurudisha ufalme wa Kongo. Antoni akamwambia kwamba alikwisha kujaribu kuingia katika vichwa vya watu wengine, mahali pengine, na hakupokewa vizuri. Kisha akaingia katika kichwa chake. Kimpa Vita akapona papo hapo, akagawa mali yake kidogo aliyokuwa nayo, na akapanda mlima kwenda kwa mfalme.

Tangu siku ile alisema kwamba kila Ijumaa anakufa. Alikaa siku ile na siku iliyofuata mbinguni, akila na Mungu na kuzitetea habari za Kongo mbele yake, kisha akarudi duniani akiwa na maagizo. Wapo wasomaji walioiona kauli hii kuwa ni wazimu, na wapo walioiona kuwa ni mwigo wa mateso ya Kristo. Yote mawili yanasahau chama cha kimpasi, ambamo wanafunzi walikufa kifo cha ibada na kufufuka wakiwa watu wapya. Binti aliyelelewa katika mazingira hayo alikuwa na lugha ya kufa na kurudi tangu zamani. Ukristo ulimpa siku ya juma tu.

Jambo jingine linastahili kuangaliwa polepole zaidi. Kimpa Vita hakusema kwamba anaongozwa na Antoni, au kwamba anaongea kwa niaba yake. Alisema yeye ni Antoni. Mapadri wawili wa Kiitaliano waliotuachia habari zake, Bernardo da Gallo na Lorenzo da Lucca, walilichukia dai hilo kuliko mengine yote, na sehemu ya chuki hiyo ilikuwa ya kisarufi. Katika Kiitaliano hakuna mtakatifu tu. Yupo mtakatifu wa kiume na yupo wa kike, na kila sifa inayofuata lazima ichague upande. Kuandika kwamba mwanamke ni Mtakatifu Antoni ni kuvunja sentensi kabla ya kuvunja imani. Kikongo, kama Kiswahili, hakiulizi swali hilo. Yandi ni yeye, awe mume au mke. Kiambishi cha kitenzi hakibadiliki. Mfuasi aliyesema kwa lugha yake kwamba amemwona Antoni akipita, na kwamba yeye amebariki watoto, hakusikia kasoro yoyote katika maneno yake. Padri aliyesikia maneno hayo hayo alilazimika kuyatafsiri moyoni, na katika tafsiri ndipo kashfa ilipozaliwa. Si kwamba tofauti ya imani haikuwapo. Ilikuwapo, tena kubwa. Lakini tunapoisoma ripoti ya da Gallo leo, inatupasa kujua kwamba sehemu ya ghadhabu yake ni ya mtu anayelazimishwa na lugha yake kuona kichekesho pale ambapo wengine waliona jambo la kawaida.

Huko Kibangu da Gallo alimhoji. Alimwuliza kuhusu watakatifu aliowaona mbinguni, na kama wapo huko watu weusi wa Kongo. Kimpa Vita akajibu kwamba wapo: watoto waliobatizwa, na watu wazima walioshika sheria ya Mungu duniani. Lakini, akaongeza, huko hawana rangi nyeusi wala nyeupe, kwa kuwa mbinguni hakuna mwenye rangi. Jibu hilo linatoka katika kalamu ya adui yake, naye hakuliandika ili kumsifu.

Mfalme Pedro hakumfunga na hakumkubali. Tabia hiyo ya kungoja ilikuwa silaha yake kubwa maishani. Tayari alikuwa amemvumilia mwanamke mwingine aliyetabiri, mzee Apollonia Mafuta, ambaye alidai kwamba jiwe aliloliokota mtoni ni kichwa cha Yesu, na ambaye alitangaza adhabu ya Mungu iwapo mfalme hatashuka mlimani kwenda São Salvador. Kimpa Vita alitangaza jambo hilo hilo, ila kwa nguvu zaidi. Alikwenda Bula kwa João wa Pili, naye akamfukuza. Basi mnamo mwezi wa Novemba 1704 akaenda mwenyewe katika mji ulioachwa, na watu wakamfuata kwa maelfu.

Alitabiri nini? Maneno yake yakikusanywa, yanagawanyika kwa namna ya ajabu. Alisema kwamba mji utainuka tena. Alisema kwamba mizizi ya miti iliyoanguka katika magofu itageuka dhahabu na fedha, na kwamba chini ya nyumba zilizobomoka yatapatikana madini na vito. Alisema kwamba mfalme asiyetii ataadhibiwa. Katika hayo, la kwanza lilitimia, kwa kuwa alilitimiza yeye: watu walifyeka majani, wakajenga vibanda, na São Salvador ikawa mji tena. La pili halikutimia kamwe. La tatu lilikwenda kinyume, kama itakavyoonekana. Mtu akimpima kwa mizani ya mpiga bao wa sokoni, ambaye hulipwa kwa kubahatisha sawasawa, atasema Kimpa Vita alipata moja katika tatu.

Mizani hiyo haifai. Kiswahili kina maneno kadhaa kwa kazi hii, na kila moja lina njia yake. Kutabiri limetoka katika Kiarabu, ambako lilihusu kuzifasiri ndoto. Kubashiri nalo ni la Kiarabu, na asili yake ni kupeleka habari njema. Kuagua ni neno la Kibantu, na ndani yake kupiga ramli na kutibu havijaachana: anayeagua hutafuta chanzo cha ugonjwa na kusema la kufanya ili mgonjwa apone. Kimpa Vita hakuwa na ndoto za kufasiri, na habari alizozileta hazikuwa njema kwa kila mtu. Aliagua. Alitaja ugonjwa, yaani wafalme wengi na mji mtupu. Alitaja dawa, yaani mfalme mmoja katika mji mmoja. Na alitaja hatari ya kutokunywa dawa hiyo. Yaliyokuja, kwake, yalikuwa kazi. Wakulima walioacha mashamba yao kwenda kuishi katika magofu hawakwenda kungoja dhahabu chini ya mizizi. Walikwenda kwa sababu mtu mmoja tu katika nchi nzima alikuwa amewaambia kwamba vita vina mwisho, na mwisho huo uko mahali panapojulikana, mwendo wa siku chache.

Kuhusu mafundisho yake mengine maneno machache yanatosha, kwani yamejadiliwa mara nyingi. Alifundisha kwamba Yesu alizaliwa São Salvador, ambayo ndiyo Bethlehemu, na kubatizwa Nsundi, ambayo ndiyo Nazareti; kwamba Maria alikuwa mtoto wa mjakazi wa kabaila wa Nzimba Mpangi. Aliamuru misalaba ichomwe pamoja na hirizi. Aliibadilisha sala ya Salamu Malkia, akafundisha ndani yake kwamba Mungu huangalia nia, na kwamba ubatizo, ndoa na matendo mema bila nia si kitu. Wafuasi wake walivaa taji za gamba la mti wa nsanda, ambao kwa mafundisho yake ndio asili ya watu weusi, kama jiwe laini lilivyo asili ya weupe. Mswahili atalifikiria neno sanda, nguo ya maiti, na kutamani kuyaunganisha. Sauti peke yake haithibitishi undugu, lakini wafuasi wa mtu afaye kila juma wasingeukataa mfanano huo. Aliwatuma watu walioitwa Antoni wadogo kwenda kuhubiri sehemu zote za ufalme, nao walipokewa vizuri na makabwela kuliko mabwana.

Sasa João Barro. Alikuwa mmoja wa watu wa karibu naye, na katika mpango wa watakatifu aliouunda Kimpa Vita huyu aliitwa Mtakatifu Yohane, au malaika mlinzi wake. Walipendana kwa siri. Siri hiyo haikuwa ya aibu ya kawaida. Wanawake wasiopata watoto walikuja kwake kutoka mbali ili awaombee wazae. Mikono yao na miguu yao ilifungwa kamba zenye baraka zake. Watu waliziokota nyuzi za nguo zake na masalio ya chakula chake. Antoni, mtawa aliyeweka nadhiri ya usafi, hawezi kuwa na mimba. Kwa hiyo mimba mbili za kwanza aliziharibu kwa dawa, maarifa ambayo mwanafunzi wa uganga hakuyakosa. Ya tatu hakuiharibu.

Kwa nini aliiacha? Nyaraka hazina jibu moja. Zinaonyesha tu alichokifanya: ujauzito ulipokaribia kuonekana aliondoka mjini akasema anakwenda mbinguni, na kutokuwapo kwake kukawa na maelezo ambayo kila mfuasi aliyazoea. Alirudi katika nchi aliyozaliwa, karibu na watu wake, na huko akazaa mtoto wa kiume. Wajumbe wa mfalme Pedro waliokuwa wakipita njiani walisikia kilio cha mtoto mchanga katika majani marefu. Wakayafunua majani, wakamkuta Kimpa Vita na João Barro pamoja na mtoto.

Hapo ndipo mtabiri asiyegusika alipogusika. Pedro alikuwa amesita karibu miaka miwili kumkamata mtakatifu. Kumkamata mama mwenye mtoto asiye na baba wa ndoa hakukuhitaji ujasiri. Ikumbukwe pia kwamba kwa wakati huo Pedro Constantinho da Silva, aliyejulikana kwa jina la Kibenga, mkuu wa majeshi aliyepelekwa na mfalme kuurudia mji, alikuwa ameungana na binti huyo na kuanza kujifikiria kuwa mfalme. Unabii ulikuwa umepata jeshi. Kwa mfalme wa Kibangu, kilio kile katika majani kilikuja kwa wakati wake.

Swali la uhalali wa ushahidi haliwezi kuepukwa. Habari za mapenzi haya, hata zile za mimba mbili za kwanza, zinatoka katika maungamo na mahojiano yaliyoandikwa na mapadri waliotaka ahukumiwe. Da Gallo aliimaliza ripoti yake mwaka wa 1710, miaka minne baada ya kifo. Wapo waandishi wa Kiafrika waliopendelea kuzikataa habari hizo, kwa kuona kwamba ni matusi ya wakoloni kwa shujaa. Nia yao inaeleweka, lakini hoja ni dhaifu. Kwanza, mapadri hao hawakuwa wakoloni. Walikuwa wageni katika ufalme uliojitawala, wakimtegemea mfalme mweusi kwa chakula na ulinzi. Pili, mtoto alikuwapo na alionwa na umati. Tatu, na hili ni kubwa zaidi, jibu la Kimpa Vita mwenyewe kama Lorenzo alivyolinakili si jibu ambalo adui angelitunga. Alipoulizwa kuhusu mtoto aliyempakata, alisema hawezi kukana kwamba ni wake. Lakini jinsi alivyompata hajui. Anajua tu kwamba alitoka mbinguni.

Lorenzo aliliona jibu hilo kuwa ni ukaidi. Msomaji mtulivu ataona zaidi. Katika lugha ya wafuasi wake, baba wa mtoto alikuwa malaika, na mama alikuwa mtu aishiye mbinguni siku mbili katika kila saba. Kwa hesabu hiyo mtoto alitoka mbinguni kweli. Kimpa Vita hakuukana unabii wake ili kuyaokoa mapenzi, wala hakuyakana mapenzi ili kuuokoa unabii. Alijaribu kwa sentensi moja kuvishika vyote viwili. Labda ni katika sentensi hiyo, kuliko katika mafundisho yote kuhusu Bethlehemu na Nazareti, ndipo tunapomsikia mwanamke wa miaka 22.

Kesi ilifanyika Evululu, ambako mfalme alikuwa ameweka kambi. Hukumu ilitolewa na baraza la mfalme kwa sheria ya Kongo. Mapadri walikuwa washauri, na ushauri wao ulikuwa wazi. Kimpa Vita na João Barro walihukumiwa kuchomwa kama wazushi. Awali mtoto naye alikuwa aingie motoni pamoja na wazazi wake. Lorenzo alimwendea mfalme kumwombea, na mtoto akaachwa hai. Padri huyo huyo, aliyeona ni haki mama achomwe, aliona si haki mtoto achomwe. Hakuna sababu ya kumpunguzia moja ili kuikuza nyingine.

Lorenzo anaeleza kwamba walipotolewa mbele ya watu binti huyo alionyesha hofu, akiwa na mtoto mkononi. Alijaribu kusema maneno ya kutubu, lakini kelele za umati zilikuwa kubwa mno na sauti yake haikusikika. Hukumu ikasomwa, na wakapelekwa kwenye kuni. Asubuhi iliyofuata watu walikuja kuichoma tena mifupa iliyobaki mpaka ikawa jivu laini, ili wafuasi wasipate kitu cha kuokota.

Siku hiyo, 2 Julai 1706, Kanisa liliadhimisha sikukuu ya Maria kumtembelea Elizabeti, wanawake wawili wenye mimba. Na kwa kalenda ya Gregori iliyofuatwa na Wareno na Waitalia, tarehe hiyo iliangukia Ijumaa. Ni rahisi kulihesabu jambo hilo, na ni ajabu kwamba waandishi wengi hawajalitia maanani. Wafuasi wake wasingeweza kukosa kulihesabu. Habari zikaenea upesi kwamba amerudi, kwamba ameonekana juu ya mti mrefu kabisa. Walioona kifo chake kama ushahidi kwamba alikuwa mwongo walikuwa wamemchagulia siku ambayo kifo, kwa watu wake, hakikuwa ushahidi wa jambo lolote.

Vuguvugu la Waantoni halikuzimika. Liliendelea São Salvador chini ya Kibenga hadi Februari 1709, wakati Pedro wa Nne aliposhuka na jeshi, akauteka mji na kumwua Kibenga. Hivyo mfalme aliyetabiriwa adhabu ndiye aliyekaa katika mji mkuu, akatawala hadi kifo chake mwaka wa 1718, na kwa kiasi fulani akaurudisha umoja ambao Kimpa Vita aliuhubiri. Dawa ilinyweka, mganga alikuwa amekwisha kuchomwa. Wengi wa mateka wa vita hivyo waliuzwa kama wengine kabla yao. Mwanahistoria John Thornton, ambaye kitabu chake cha mwaka wa 1998 ndicho uchunguzi mpana zaidi juu ya binti huyu, amewafuatilia watumwa wa Kongo hadi Amerika, na ameonyesha kwamba Wakongo Wakatoliki walikuwa miongoni mwa walioasi huko Stono, South Carolina, mwaka wa 1739. Katika nchi ya Kongo yenyewe mafundi waliendelea kutengeneza sanamu ndogo za Antoni za shaba, zilizoitwa Toni Malau, Antoni wa bahati njema, na wanawake wajawazito walizivaa.

Karne ya 20 ilimrudia kwa njia zake. Simon Kimbangu alipoanza kuponya na kuhubiri Nkamba mwaka wa 1921, kisha akafungwa miaka 30 Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, na kufia humo gerezani tarehe 12 Oktoba 1951, wengi walimwona kuwa mrithi wa binti wa Kibangu. Mji wa Katanga, wenye kuongea Kiswahili, ukawa hivyo na sehemu yake katika hadithi iliyoanzia mbali nao. Mwaka wa 1970 Bernard Dadié wa Kodivaa alichapisha tamthilia ya Béatrice du Congo, ambamo binti huyo ni sauti ya taifa dhidi ya wageni. Nchini Angola chuo kikuu cha Uíge kinaitwa kwa jina lake. Katika sura hizo zote za ushujaa, João Barro ana nafasi ndogo au hana kabisa. Taifa, kama Kanisa lilivyofanya kabla yake, limeona vigumu kumpa mtakatifu wake mpenzi.

Yapo matokeo ya kiutafiti. Masimulizi ya Lorenzo yalitolewa kwa Kifaransa na Jean Cuvelier mwaka wa 1953, na nyaraka juu ya Waantoni na Louis Jadin mwaka wa 1961. Sala ya Kimpa Vita, ambayo maelfu waliiimba kwa Kikongo wakipanda kwenda São Salvador, imebaki katika Kiitaliano cha da Gallo peke yake. Kila anayeitaka kwa lugha ya Kibantu analazimika kuanza na neno nia, lililo kiini chake. Kiswahili kimelipokea neno hilo kutoka Kiarabu. Kikongo kina luzolo, linalotokana na zola: kutaka, na pia kupenda.